Sura ya Tisa: Wimbo wa Arobaini na Mbili

Ghala la kanda lilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo majengo mengine huweka mifagio. Wakubwa wa televisheni walikuwa na vyumba vyenye mazulia huko juu, lakini vipindi vyenyewe, vile vilivyowapa hayo mazulia, walivitupa huku chini. Taa ilikuwa moja, na bomba la maji machafu lilipita juu ya rafu ya tatu.

Sajini aliinama asigonge kichwa. Aliyemtangulia alikuwa msimamizi mpya wa ghala, dada mwenye miwani aliyekuwa na wiki sita tu kazini.

"Ndiyo hii, afande. Rafu ya Pimbi."

Kila aliyekuwa mtoto miaka ile alimjua Pimbi. Alikuwa kikaragosi cha kitambaa chenye meno mawili makubwa, na kwa miaka kumi na miwili alifundisha watoto kunawa mikono, kuhesabu na kusalimia wakubwa. Sasa televisheni ilitaka kuzitoa nyimbo zake zote kwenye mtandao, watoto wa leo wazione kwenye simu za wazazi wao. Orodha ilisema nyimbo ni arobaini na moja. Dada mwenye miwani alipohesabu masanduku akapata arobaini na mawili, na hilo la ziada lilikuwa tupu.

Basi Jumanne akakamatwa mtunza kanda, mzee waliyemwita Babu Makanda, kwa kuwa ndiye aliyekaa na funguo. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho asubuhi angepandishwa mahakamani, na kwa mwendo wa hakimu wa hapo angelala rumande hadi mwezi ujao. Nyumbani alikuwa na mke asiyeweza kushuka kitandani bila mtu wa kumshika.

"Yote haya kwa kanda moja ya pimbi," Sajini alisema.

"Si mimi niliyeita polisi, afande. Ni Mwenyekiti wa bodi."

"Najua. Yeye ana namba ya simu ya mkuu wangu. Mimi na wewe hatuna ya mtu."

Dada alicheka kidogo, akajizuia.

Sajini aliwasha tochi. Masanduku yalipangwa kama vitabu, migongo yenye maandishi ikitazama nje. Mwishoni mwa rafu kulikuwa na masanduku saba yaliyogeuzwa, migongo imeelekea ukutani.

"Haya mbona yamenuna?"

"Nimeyakuta hivyo. Nilidhani ni uvivu wa mtu."

"Hilo tupu lilikuwa lipi?"

"La tano katika haya saba. Nalo lilikuwa limegeuzwa vilevile. Nililifungua hilo tu, kwa kuwa halikuwa na vumbi."

Sajini alipiga magoti. Mbele ya masanduku sita vumbi lilikuwa zima, nene kama unga. Mbele ya la tano vumbi lilikuwa limefutwa kwa upana wa kiganja. Aliyekuja hakupapasa. Hakuvuta la kwanza akasoma, akalirudisha, akavuta la pili. Alinyoosha mkono gizani akachukua lake, akatoa kanda, akarudisha sanduku kwa adabu, mgongo ukutani.

"Dada, ukipewa masanduku saba yasiyoonyesha jina, utalijuaje la tano?"

"Siwezi."

"Hata mimi siwezi," Sajini alisema, akajipangusa magoti.

*

Mwenyekiti alimpokea ghorofa ya nne. Zamani ndiye aliyekuwa mkuu wa vipindi vya watoto. Sasa alikuwa na tumbo, saa nzito na katibu wa kumfungulia mlango.

"Sajini, hii kesi ni nyepesi. Mzee ana funguo, kanda haipo. Wako watu wanakusanya vitu vya zamani. Ameiuza."

"Ameiuza kwa nani, mheshimiwa?"

"Hiyo ndiyo kazi yenu. Mimi nifanye kazi yangu na yenu pia?"

"Nimekuja kuuliza kuhusu namba. Lile sanduku la ziada, la arobaini na mbili, lilikuwa na nini?"

"Nitakumbuka wapi? Tulitengeneza mambo chungu nzima." Mwenyekiti alisogeza kalamu mezani. "Na hata mngeipata, wimbo wa kuvukia barabara ungemfaa nani? Siku hizi watoto wanapelekwa shule kwa basi."

Sajini aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Hakuinua macho. Hakuna mtu aliyekuwa amemtajia Mwenyekiti barabara. Hata orodha haikuitaja.

"Asante, mheshimiwa. Nimepata nilichofuata."

"Mkuu wako ananiambia faili linafungwa kesho."

"Naye ameniambia hivyo hivyo," Sajini alijibu. "Mnasikilizana vizuri."

*

Babu Makanda alikuwa amekaa mahabusu juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevua viatu akavipanga kama yuko msikitini au kwa mkwewe.

"Mke wangu amekula?"

"Jirani yako yuko naye. Amekula."

"Jirani hajui kumgeuza. Anamgeuza kama gunia."

"Mzee, nisaidie nikurudishe ukamgeuze mwenyewe. Yale masanduku saba yaliyotazama ukuta."

"Hayo siyagusi. Siku yangu ya kwanza, na ni miaka kumi na miwili sasa, niliyemrithi kazi aliniambia: lililogeuzwa mgongo halirushwi hewani tena, na usiulize. Sikuuliza. Mtu wa chini akiuliza sana anaitwa mjuaji."

"Nani alijua kilichomo?"

"Wale walioanza na Pimbi. Fundi wa mitambo amekufa. Waliobaki ni Mwenyekiti na yule mama aliyekuwa akimchezesha."

"Jumanne nilikuuliza kama kuna mgeni aliyeingia ghalani. Ukasema hapana."

"Sikusema uongo."

"Sasa nauliza vingine. Kuna mwenyeji aliyeingia?"

Mzee aliangalia viatu vyake. Akasogeza kimoja kikae sawa na mwenzake.

"Mzee. Kesho ni mahakamani."

"Yule mama alikuja Ijumaa iliyopita," Babu Makanda alisema. "Walimwita aje kutambua vikaragosi vya zamani. Akaniomba aione rafu yake. Nikamfungulia, nikaenda kumchemshia chai. Niliporudi alikuwa anafuta macho. Mtu anayelia mbele ya kazi yake ya ujana, nimpekue mkoba?"

"Na umekaa siku tatu humu unamficha?"

"Sikujua kama kachukua. Na sikutaka kujua."

*

Mama Pimbi, kama watu walivyomwita yule mchezeshaji, alikuwa fundi cherehani siku hizi. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara kubwa. Alikuwa mwembamba, bega la kulia limepanda kuliko la kushoto. Kunyoosha mkono juu ya kichwa saa sita kwa siku, miaka kumi na miwili, hakumwachi mtu sawa.

Alipomwona Sajini mlangoni hakuuliza shida gani. Alikata uzi kwa meno, akaweka chini sketi aliyokuwa akipinda.

"Nilikungoja tangu Jumanne. Kaa hapo, baba."

Kilichokuwepo ni kigoda cha kuwapimia watoto. Sajini alikaa, magoti yakamfika kifuani.

"Kanda iko wapi?"

"Ipo. Kwanza nikuonyeshe, maana nikikueleza hutaelewa. Hata Mwenyekiti nilimweleza, hakuelewa. Au alielewa."

Alichukua soksi ya shule kutoka kwenye rundo, akaingiza mkono wa kulia. Kidole gumba kikawa taya la chini, vidole vinne vikawa kichwa. Akajikunja nyuma ya meza ya cherehani mpaka asionekane, soksi ikatokeza juu ya ukingo wa meza. Ilikuwa soksi tu, ya kijivu. Kisha ikamtazama Sajini na kuinamisha shingo, na Sajini akajikuta anataka kuiamkia.

"Mtoto hajui kulia na kushoto," sauti ilitoka chini ya meza. "Kwa hiyo mtunzi hakuyaweka maneno hayo. Aliweka huku na kule, mtoto amfuate Pimbi kwa macho. Wimbo ni wa kuvuka ile barabara yenye tuta la katikati. Fanya anachofanya yeye. Usifikiri."

Soksi ikaimba, kwa sauti nyembamba ambayo Sajini hakuwa ameisikia tangu wanawe walipokuwa wadogo na mama yao yu hai.

*Tazama huku, hamna kitu,*
*nenda hadi katikati;*
*tazama kule, hamna kitu,*
*malizia, usiketi.*

Penye "huku" soksi iligeuka, ikatikisa kichwa mara mbili kwa furaha, ikasogea mbele. Sajini naye aligeuka nayo. Kisha akabaki hivyo hivyo, shingo imepinda.

Alikuwa ametazama ukuta. Barabara ilikuwa upande wake wa kulia. Aliisikia nyuma ya sikio, magari yakija upande ambao soksi haikumwonyesha.

"Amenitazamisha upande usio na magari," alisema.

"Na akakwambia hamna kitu, nenda." Mama Pimbi alitokea, akavua soksi. "Unajua sisi tunachezaje? Tuko chini, hatumwoni Pimbi. Tunamwona kwenye kijiruninga cha sakafuni, kama kamera inavyomwona. Ukisogeza mkono kulia, mle ndani unakwenda kushoto. Mgeni wa kazi anachanganyikiwa. Mimi nilikuwa na miezi miwili. Fundi alinionea huruma, akageuza picha ya kile kijiruninga, nikawa naona kama niko mbele ya kioo. Asubuhi ile ya wimbo hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Mimi naona Pimbi anageuka sawasawa, kumbe nyumba zote zinaona kinyume."

"Uligundua lini?"

"Siku ya kwanza kurushwa. Nilikuwa kwa dada yangu. Mtoto wake alisimama mbele ya runinga akaiga. Nikaona shingo yake inakokwenda, chakula kikaniganda mdomoni."

"Ukafanya nini?"

"Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Mwenyekiti. Nikamwambia turudie, kazi ya saa moja. Akaniambia studio ina kazi, anarekodi hotuba yake ya kutimiza miaka mitano ya ukuu. Akasema watoto wenyewe hawajui kulia wala kushoto, unahangaika nini. Wimbo ukaenda wiki tatu, kila siku saa kumi na moja jioni. Nami nikawa napokea mshahara na kunyamaza."

Aliinyoosha ile soksi juu ya goti lake, akaikunja, akaikunjua.

"Wiki ya nne kuna mtoto alivuka. Pale kwenye duka la rangi. Wa kike, miaka sita."

Kalamu ya Sajini ilisimama.

"Mama yake alikuja televisheni," Mama Pimbi aliendelea. "Alisema mtoto aliondoka langoni akiuimba. Alisema amesimama mwenyewe mbele ya runinga akaufuata, akaona. Mwanamke hakusoma, lakini aliona kile ambacho wasomi wote wa lile jengo hawakutaka kukiona. Mwenyekiti akamwita mlinzi amtoe. Mimi nilikuwa kwenye korido. Nikasikia. Nikaingia chumba cha mavazi nikakaa nyuma ya makoti mpaka kukanyamaza."

"Halafu?"

"Wimbo wakaugeuza mgongo siku hiyohiyo, wakaufuta kwenye orodha. Yule mama alikwenda polisi. Nilikutana naye miezi baadaye, hakunijua mimi ni nani, maana watu humjua Pimbi, si mkono. Akanisimulia. Alikuta konstebo wa barabarani, kijana, mkanda unang'aa. Akamwambia: Mama, usitafute wa kumsingizia, mtoto alikuwa wako."

Nje basi lilipiga honi. Sajini alifunga daftari lake bila kuandika neno hata moja kati ya hayo. Aliyajua. Alijua pia kilichotangulia, kwamba dereva alisema mtoto alitazama upande mtupu, akatikisa kichwa mara mbili kama anayecheza, akaingia barabarani. Alikuwa ameyaandika maneno ya dereva, mkuu wa wakati ule akaja amekunja uso na kusema amepigiwa simu, hizo habari za kutikisa kichwa zitoke, liandikwe jambo la maana. Konstebo akachukua karatasi mpya. *Mama alizembea kumwangalia mtoto.* Akatia sahihi. Baada ya mwaka akapandishwa cheo.

"Wewe una miaka mingi polisi?" Mama Pimbi aliuliza.

"Mingi."

Mama Pimbi alimtazama kiunoni, penye mkanda, kisha usoni. Sajini akawahi kuuliza lake.

"Kwa nini uichukue sasa, baada ya miaka kumi na tisa?"

"Waliponiita Ijumaa waliniambia watazitoa zote. Nikamwomba Mwenyekiti ile aizuie. Akasema nani atakumbuka. Huyu msimamizi mpya hajui maana ya sanduku lililogeuzwa. Angeikuta, angefurahi, wimbo uliosahaulika. Na watoto wa leo wana shingo kama za wale wa jana." Alivuta droo ya cherehani. Chini ya vipande vya chaki na vifungo ilikuwepo kanda, imefungwa kwa kitambaa cha sare. "Hiyo."

"Ulijua mzee amekamatwa?"

"Nilijua Jumanne jioni."

"Mkewe hajiwezi."

"Najua. Ndiye aliyenishonea gauni la kwanza la Pimbi." Aliitoa kanda, akaiweka juu ya meza. "Nilisema kesho nitakwenda. Kesho ikazaa kesho. Nimezoea, baba. Mtu aliyejificha nyuma ya makoti mara moja, mara ya pili miguu inajua njia."

Sajini alisimama, kigoda kikaanguka. Alikiinua akakirudisha mahali pake.

"Funga duka. Twende wote."

"Unanikamata?"

"Nakuomba tuongozane."

*

Mkuu wa kituo aliitazama kanda juu ya meza yake kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Safi. Mzee aachiwe, huyu mama awekwe ndani. Ameiba, amekiri. Umefunga faili, Sajini."

"Kuna faili lingine, afande." Sajini aliweka pembeni ya kanda folda ya kahawia, pembe zimeliwa na mende. Alikuwa amepitia chumba cha majalada kabla ya kupanda. "Ajali ya duka la rangi. Miaka kumi na tisa."

"Inahusiana nini?"

"Ukimshtaki huyu mama, utamwambia hakimu aliiba kwa sababu gani? Itabidi kanda ichezwe mahakamani. Kisha watauliza polisi waliandika nini."

Mkuu alifungua folda. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafika chini penye sahihi. Akasoma jina, akainua macho.

"Hii ni yako."

"Ndiyo, afande."

"Sasa wewe unataka kujichimbia? Umebakiza miaka miwili ustaafu. Aliyekuamuru amekufa. Mwenyekiti anapiga simu tangu mchana, nimwambie nini?"

"Mwambie naye ataitwa. Wimbo wa barabara aliutaja mwenyewe kabla sijamtajia. Nimeyaandika, yana tarehe na saa."

"Sajini. Hili faili likirudi huko lilikotoka, mzee anakwenda nyumbani, mama huyu tunampa onyo, na kila mtu analala kwake. Hata wewe."

Lilikuwa neno la busara. Maneno ya wakubwa huwa hivyo, yamepigwa pasi. Sajini alilifikiria kweli, akasimama akiwa na kofia mkononi kwa muda ambao mkuu alidhani amekubali na kuanza kuivuta folda kuelekea droo.

"Yule mama wa duka la rangi hajalala kwake miaka kumi na tisa," Sajini alisema. Aliishika folda upande wa pili. "Mume alimwacha kwa karatasi hii. Niliisoma mahakamani kwa sauti yangu, yeye amekaa mstari wa mbele."

Mkuu aliiachia. Aligeukia dirisha, jambo ambalo wakubwa hufanya wakitaka baadaye waseme hawakuwepo.

Chini, kwenye kaunta, Babu Makanda alikuwa anapewa mkanda wake na funguo zake za nyumbani. Mama Pimbi alisimama kando, mkoba kifuani.

"Nimekukosea, kaka," alisema.

"Umenikosea," mzee alijibu, akifunga kamba ya kiatu. "Chai yangu hukunywa, ikapoa. Mengine tutazungumza mke wangu akishakula." Akatoka upesi, mwendo wa mtu anayehesabu zamu za kumgeuza mgonjwa.

Koplo wa kaunta, mama mtu mzima aliyefanya kazi na Sajini miaka minane, alichukua karatasi ya maelezo.

"Nianze na huyu mama?"

"Anza na mimi." Sajini alikuwa ameshazunguka kaunta, amekaa kwenye benchi la mbao ambalo watu hukalishwa wakiletwa. "Yeye alikosea mkono, kisha akaogopa. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa ukweli na dereva, nikaandika uongo. Ukimaliza utanipa gari la kituo na askari mmoja wa kike. Nataka kwenda kwa mama wa mtoto kabla Mwenyekiti hajatuma mtu."

"Unataka kwenda kumwambia nini?"

"Kwamba aliona sawa."

Koplo alimtazama, akatazama ngazi za kwenda kwa mkuu, akanyoosha karatasi kwa kiganja.

"Jina?"

"Koplo, unanijua."

"Afande, kila anayekaa hapo namuuliza."

Sajini alivua kofia, akaiweka mapajani, akalitaja. Koplo alimwomba alirudie polepole, na yeye akalirudia.